Mabaka Meusi Katika Jiwe la Itale

Msafiri atokaye Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, akashika njia ya Bariadi, haendi mbali kabla ya kuyaona mawe. Mengine yamelundikana juu ya vilima kama magunia ya pamba yaliyopangwa na watu. Mengine yamekaa pweke katikati ya mashamba, makubwa kupita nyumba. Watoto huyapanda, mbuzi hulala kivulini mwake, na akina mama huanika nafaka juu ya yale yaliyo bapa. Wenyeji wameyazoea hata hawayatazami tena. Mawe hayo ni matale, ambayo wengine huyaita graniti.

Leo twataka kuyatazama, tena kwa makini. Tusilitazame jiwe kwa nje, maana jua na mvua vimeichakaza ngozi yake hata ikawa ya kijivu na kuvu. Twende mahali wanapoponda kokoto, tuokote kipande kilichopasuliwa sasa hivi. Kwanza tutaona kwamba jiwe la itale si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa punje za namna tatu au zaidi, zilizoshikana kwa nguvu. Zile zing'aazo kama kioo chenye moshi ni kwatzi. Zile nyeupe au za waridi, zenye uso laini unaometa ukizigeuza juani, ni feldspa. Na zile nyeusi, nyembamba kama magamba ya samaki, ambazo waweza kuzibandua kwa ukucha, ni ulanga mweusi.

Sasa tutafute zaidi. Katika mawe mengi ya namna hii, si yote, huonekana baka jeusi katikati ya weupe. Pengine ni dogo kama yai, pengine ni kubwa kama chungu, pengine limevutwa likawa refu kama ndimi. Mponda kokoto alijua kwa nyundo yake: mara nyingi pale penye baka jiwe hupasuka kwa namna nyingine. Je, baka hilo limetoka wapi? Ni uchafu? Ni jiwe limeoza? Au ni kipande cha jiwe jingine kilichoangukia humo? Na kama kiliangukia humo, jiwe gumu hivi lilikuwaje laini hata kikazama?

Swali hili laonekana dogo, kama swali la mtoto. Lakini wataalamu wa Ulaya na Marekani wameligombania kwa zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake lafika hata kwenye udongo wa shamba na maji ya kisima, kama tutakavyoona.

Ugomvi wa wataalamu

Zamani, katika karne ya 18, mwalimu mmoja mashuhuri wa Ujerumani, Abraham Werner, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba itale lilijitenga katika maji ya bahari kuu ya kale, kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria maji yakikauka. Wengi walimsadiki. Ndipo mwaka 1785 Mskoti James Hutton akaenda katika bonde la Glen Tilt huko Scotland. Aliona mishipa ya itale jekundu imejipenyeza ndani ya mwamba mwingine mweusi uliokuwapo kabla yake, ikaupasua huku na huku. Jiwe gumu halijipenyezi. Basi Hutton akasema kwamba itale lilikuwa kitu cha moto, lililoyeyuka kabisa, likapanda kutoka chini na kuganda ndani ya ardhi. Hutton alikuwa na haki. Mwamba ulioyeyuka namna hiyo huitwa magma. Ukitoka nje ya mlima wa volkeno twauita lava. Ukibaki chini na kupoa polepole kwa maelfu ya miaka, punje zake hupata nafasi ya kukua, na ndiyo sababu punje za itale zaonekana kwa macho.

Ugomvi wa pili ulianza baadaye. Robert Bunsen, mkemia wa Ujerumani ambaye jina lake wanafunzi wa sekondari hulijua kwa sababu ya ile taa ya gesi ya maabara, alisafiri mwaka 1846 mpaka kisiwa cha Iceland, nchi ya volkeno nyingi. Alikusanya mawe, akayapima kemia yake. Mwaka 1851 akatangaza neno la kushangaza: kwamba mawe ya Iceland, ingawa ni ya rangi nyingi, yaweza kuhesabiwa kama mchanganyiko wa magma mbili tu, moja nyeupe na moja nyeusi, kwa vipimo mbalimbali. Ni kama mtu mwenye debe la maziwa na debe la kahawa: aweza kupata vikombe vya rangi kumi, kumbe vitu ni viwili tu.

Wengi hawakukubali. Mkubwa wao katika karne ya 20 alikuwa Norman Bowen, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Washington. Yeye aliyeyusha mawe katika tanuri, akaona jinsi yanavyoganda. Mwaka 1928 akaandika kitabu kilichotawala mawazo ya watu kwa muda mrefu. Alisema magma moja yatosha. Inapopoa, punje nyeusi zenye chuma na magnesi huganda kwanza na kuachana na uji. Ule uji unaobaki juu huzidi kuwa mweupe, mpaka mwisho wake huwa itale. Wapika pombe watamwelewa mara moja, kwa maana wanajua machicha yanavyotua chini na kileo kubaki juu.

Basi nani alisema kweli? Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kudhani kwamba sharti mmoja ashinde. Tangu miaka ya 1970 watu wengi walirudi kwenye mawe yenyewe, wakayatazama yale mabaka meusi kwa uangalifu, wakaona kwamba yote mawili hutokea. Magma hutua machicha, na magma huchanganyika. Kazi ni kujua katika mlima fulani ni lipi lililotokea, au ni kiasi gani cha hili na kiasi gani cha lile.

Magma mbili zikutanapo

Tufikiri kidogo. Magma nyeupe, ile ya itale, huwa na moto wa digrii 700 mpaka 800 hivi. Ni nzito sana kusogea, kama ugali uliokaribia kuiva. Magma nyeusi hutoka chini zaidi, na moto wake hufika digrii 1,100 au 1,200. Hiyo ni nyepesi kusogea, kama uji. (Twasema nyeupe na nyeusi kwa rangi zitakazopata baada ya kuganda. Zikiwa za moto zote mbili hung'aa kama chuma cha mhunzi.)

Sasa magma nyeusi ipande na kuingia ndani ya bwawa la magma nyeupe. Itakuwaje? Mama aliyewahi kuyeyusha samli na kuimwaga katika maji ya baridi anajua. Samli haichangamani mara moja. Huganda papo hapo, ikawa madonge ya mviringo. Vivyo hivyo, magma nyeusi ikikutana na nyeupe, ijapokuwa nyeupe nayo ni moto mkali, kwa ile nyeusi ni baridi. Hupoa haraka na kufanya madonge. Na kwa kuwa imepoa haraka, punje zake hazikupata muda wa kukua, hubaki ndogo sana. Hayo madonge ndiyo mabaka tunayoyaona.

Lakini kama magma nyeusi ni nyingi, mambo hubadilika. Joto lake huipasha ile nyeupe hata ikalainika, na yenyewe hupungua moto. Zikifika karibu na joto moja, na uzito wa kusogea ukikaribiana, ndipo huchanganyika kweli kweli, kama maziwa na chai. Hapo hatuoni mabaka tena, twaona jiwe la rangi ya katikati, la kijivu, lenye punje nyingi nyeusi zilizotawanyika sawasawa. Mara nyingi katika mlima mmoja hali zote hupatikana: mahali hapa mabaka, mahali pale kijivu tupu, mahali pengine michirizi kama ya sabuni isiyokorogwa vizuri.

Msomaji anayekaa karibu na matale aweza kupima mwenyewe bila chombo chochote. Akipata baka, atazame ukingo wake. Ukingo ukiwa na pembe kali, kama kigae kilichovunjika, na ndani yake mna mistari au tabaka za jiwe jingine, basi hicho ni kipande cha mwamba wa kale kilichomeguka ukutani na kuanguka ndani ya magma. Kilikuwa tayari jiwe. Lakini ukingo ukiwa wa mviringo, umejikunja kama pindo la nguo, na punje za baka zikiwa ndogo kuliko za jiwe lililolizunguka, basi donge lile lilikuwa laini wakati jirani yake pia alikuwa laini. Na dalili iliyo bora kuliko zote ni hii: ndani ya weusi hukaa punje moja moja kubwa za feldspa nyeupe au ya waridi, sawa kabisa na zile zilizo nje. Punje hizo zilikuwa zimekwisha kukua katika magma nyeupe, zikasukumwa na kuvuka mpaka kuingia katika donge kabla halijakauka. Haiwezekani punje kuingia katika jiwe gumu. Pengine mabaka hupangwa yote kuelekea upande mmoja, kama mbuzi walioshika njia moja ya kwenda kunywa maji, na hapo twajua magma ilikuwa inatiririka upande upi.

Mizani ya kemia

Macho hayatoshi kwa kila jiwe, hasa lile la kijivu lililochanganyika mpaka mabaka yakaisha. Hapo mkemia hulisaga jiwe likawa unga na kupima kila kitu kilichomo.

Tuchukue mfano rahisi, wenye hesabu za kujifunzia. Itale jeupe huwa na silika yapata sehemu 72 katika 100. Jiwe jeusi la kutoka chini huwa na yapata 52. Ukichanganya nusu kwa nusu utapata 62. Ukitia sehemu tatu za jeupe na moja ya jeusi utapata 67. Sasa upande wa magnesi: tuseme jeupe lina 1, na jeusi lina 7. Nusu kwa nusu itakuwa 4, na tatu kwa moja itakuwa 2 na nusu. Basi jiwe la kijivu likipatikana na silika 67, mkemia hulingoja lile neno la magnesi. Likiwa 2 na nusu, vizuri. Halafu huuliza chuma, huuliza kalisi, huuliza potasi. Ni kama baraza la wazee linapowauliza mashahidi mmoja mmoja, kila mmoja nje ya masikio ya mwenzake. Wote wakitoa hesabu moja, yaani robo ya jeusi na robo tatu za jeupe, mchanganyiko umeaminika. Wakipishana, huenda ni machicha ya Bowen, kwa sababu punje zinazotua hazichukui kila kitu kwa kadiri moja: mara huondoa magnesi nyingi, baadaye huanza kuondoa kalisi.

Iko na alama nyingine, iliyo ya hila zaidi. Kila mfugaji wa Usukuma anajua kwamba ng'ombe waweza kupungua zizini, lakini alama ya mwenyewe aliyowachoma haibadiliki. Ukikuta zizi lina ng'ombe wenye alama mbili, basi zizi hilo limekusanya mifugo ya nyumba mbili, hata ukiambiwa vinginevyo. Mawe nayo yana alama. Kuna kitu kiitwacho stronti, na punje zake za mwisho kabisa ni za uzito mbalimbali. Namna moja ya stronti huzaliwa polepole mno kutokana na kitu kingine kiitwacho rubidi, ambacho ni kingi katika miamba ya kale iliyo karibu na uso wa nchi, na ni kidogo katika miamba ya chini kabisa. Kwa hiyo magma iliyotokana na mwamba wa kale wa juu ina alama yake, na magma iliyotoka chini ina alama yake. Machicha yakitua, alama haibadiliki. Lakini katika mlima mmoja wenye umri mmoja, alama zikionekana mbili, na mawe ya kijivu yakiwa na alama iliyo katikati, hapo nyumba mbili zimekutana.

Umri wa mawe ya nchi hii

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, umekaa juu ya bamba la mwamba wa kale sana. Bamba hilo laanzia upande wa Dodoma na Singida mpaka ng'ambo ya Mwanza na Musoma. Ni nene na gumu hata Bonde la Ufa lilipofika kwake halikuweza kulipasua katikati: lilijigawa mikono miwili, mmoja ukapita mashariki kwenye Natron na Manyara, mwingine magharibi kwenye Tanganyika.

Saa ya kupimia umri wake ni punje ndogo iitwayo zirkoni, ambayo huwa ndani ya itale na mara nyingi haionekani bila kioo cha kukuza. Zirkoni ikikua hukubali urani, lakini hukataa risasi. Urani nayo hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu yake hugeuka katika miaka milioni 4,470. Basi risasi inayokutwa ndani ya zirkoni, yote au karibu yote, ilizaliwa humo, na kwa kuilinganisha na urani iliyobaki twajua punje ile iliganda lini. Kwa njia hiyo Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Japani, walipima mawe ya Musoma na Mara, kaskazini ya Simiyu, wakatangaza matokeo mwaka 2006. Matale ya huko yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,600. Wakati huo hapakuwa na jani wala mnyama juu ya nchi kavu, wala Ziwa Victoria, ambalo mbele ya mawe haya ni mtoto wa juzi.

Mwaka uliofuata, 2007, wataalamu hao walieleza jambo jingine lililo karibu na habari yetu. Baadhi ya mawe ya Musoma na Mara yana magnesi nyingi kuliko yanavyopaswa kuwa nayo kwa weupe wake. Yalipataje? Walieleza kwamba sakafu ya bahari ya kale ilizama chini ya nchi, ikayeyuka kwa joto, na uji wake ulipokuwa ukipanda ulipita katika mwamba mweusi wa chini na kuula njiani, ukachukua magnesi yake. Si mchanganyiko wa madebe mawili kama wa Bunsen, lakini ni wa ukoo uleule: jiwe moja lenye wazazi wawili, na kemia ndiyo iliyowataja.

Jambo la kukumbuka ni kwamba matale hayo hayakugandia hapa juu. Yaliganda kilomita kadhaa chini ya ardhi. Kila kilichokuwa juu yake kimekwisha kuliwa na mvua, upepo na mito katika muda usiohesabika, na kuchukuliwa mbali. Msafiri wa Lamadi anatembea mahali palipokuwa chini ya milima.

Wala si nchi yote ya Simiyu iliyo ya matale. Vilima vya Wamangola na Ngasamo, upande wa Dutwa, ni vya mwamba mwingine, mweusi sana, wenye magnesi nyingi, ambao umeoza na kuacha udongo wenye nikeli ya karibu asilimia 1. Ndiyo maana watafutaji wa madini walipiga kambi huko na kuchimba mashimo mengi ya kupimia, nao hawakujishughulisha na vilima vya matale vilivyo jirani.

Kutoka jiwe hadi shamba

Mkulima wa pamba aweza kuuliza, mambo ya kale yana faida gani kwangu? Faida ipo, nayo iko chini ya jembe lake.

Itale likioza, kwatzi haiozi, hubaki kuwa mchanga. Feldspa huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, na kuachilia potasi, sodi na kalisi. Ulanga mweusi na punje nyingine nyeusi huachilia chuma na magnesi. Mvua huchukua vile vilivyo vyepesi na kuviteremsha. Basi karibu na mawe juu ya kilima hubaki mchanga mtupu, ambao Wasukuma huuita luseni. Ni mwepesi kulima, lakini huchoka mapema. Chini yake kuna itogolo, ardhi ya kijivu inayokuwa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, kwa sababu mfinyanzi na sodi vimekusanyika humo. Na chini kabisa, bondeni, iko mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono, uliopokea kalisi na magnesi ya mteremko mzima.

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha Amani katika milima ya Usambara, alisafiri nchi nyingi za Tanganyika katika miaka ya 1930, akaona kwamba udongo wa juu na wa chini ni wa mnyororo mmoja. Mwaka 1935 akaupa mpango huo jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Neno hilo limo sasa katika vitabu vya udongo duniani kote. Lakini Wasukuma walikuwa wamekwisha kuutambua kila mwinuko kwa jina lake, na kujua upandwe nini, kabla wataalamu hawajafika. Tena pale ambapo jiwe lina sehemu nyingi ya ile magma nyeusi, udongo wake huwa mwekundu zaidi na huchelewa kuchoka, kwa kuwa kalisi, magnesi na chuma vimo zaidi. Mashamba mawili juu ya kilima kimoja huweza kutofautiana mazao kwa sababu ya mambo yaliyotokea miaka milioni 2,600 iliyopita.

Maji ya kisima

Hapa tumefika mahali penye uzito zaidi. Ndani ya itale mna kitu kiitwacho floraidi. Magma inapoganda, floraidi haikubaliwi na punje nyingi za mwanzo. Hubaki katika uji, ikizidi kukusanyika, mpaka mwisho huingia katika ulanga mweusi na punje nyingine chache. Maji ya chini ya ardhi yakikaa muda mrefu katika nyufa za itale huiyeyusha polepole. Maji yakiwa na kalisi nyingi, kalisi huishika floraidi na kuiangusha. Lakini maji ya matale mara nyingi yana sodi nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki ndani yake. Na katika nchi ya jua kali, ambapo maji hukauka upesi, kinachobaki huzidi ukali.

Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Tanzania, kwa shida ya maji iliyokuwapo, iliweka mwaka 1974 kikomo cha muda cha miligramu 8. Baadaye kikashushwa mpaka 4, na sasa ni 1.5. Visima vingi vya Meatu, Maswa na nchi ya jirani ya Kishapu vimepita kipimo hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima yanapoumbika, yaani kabla ya miaka minane hivi, humea meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Wengine humlaumu kwa uvivu wa kupiga mswaki, nao wanamwonea. Floraidi ikiwa nyingi mno, na mtu akiinywa miaka mingi, mifupa yenyewe hukakamaa na mgongo kuinama.

Watu wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima. Lakini hakuondoi floraidi hata kidogo. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kwa kila kikombe kinachobaki. Magadi nayo yahitaji uangalifu, kwa maana magadi ya kaskazini mwa Tanzania mara nyingi yana floraidi, na mama anayeyatia katika maharage au mlenda kila siku huongeza kiasi kile bila kujua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana shida hiyo. Maji ya Ziwa Victoria nayo yana floraidi kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuthamini mradi wa kuyaleta Simiyu, ambao Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliukubali mwaka 2017 pamoja na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Na huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kituo cha serikali kimetengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mifupa hiyo huivuta floraidi kutoka katika maji, kama vile mifupa yetu ivutavyo.

Ulimi hauwezi kuitambua floraidi, wala macho. Maji yake ni maangavu na matamu kama mengine. Tena kisima kimoja hakimshuhudii jirani yake: ufa huu wa itale waweza kuwa umepita katika ulanga mwingi, na ule wa hatua mia mbili kutoka hapo ukawa umepita katika kwatzi tupu. Kwa hiyo kila kisima sharti kipimwe peke yake, kabla ya pampu kufungwa. Kijiji kinachotaka kupimiwa maji kipeleke maombi kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya, nao watasema chupa ijazwe namna gani na ipelekwe wapi.